Dada na Gia ya Tatu

Fundi umeme alikuwa amelala chali chini ya gari la dada yake, miguu nje, tumbo likipanda na kushuka. Dada mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mita ya kupimia umeme mapajani, miwani kwenye ncha ya pua. Waya mbili ndefu zilitoka kwenye mita ile, zikapita mlangoni, zikaingia uvunguni hadi mikononi mwa fundi.

"Soma, Dada."

"Kumi na tano. Inachezacheza. Haya, imetulia, kumi na tano."

"Na sasa?"

"Kumi na tano."

"Usikohoe, unatikisa gari."

"Kikohozi ni cha mapafu yangu, Chiriku. Gari halina habari."

Mtaani watu walimwita Fundi. Kwa dada yake alikuwa bado Chiriku, jina alilopewa utotoni kwa sababu alikuwa hanyamazi, hata usingizini. Maisha yalimfundisha baadaye kuyapima maneno, mpaka wateja wakawa wanadhani amewanunia, lakini jina halikupata taarifa hizo. Mama yao alifariki Chiriku akiwa bado na meno ya utoto mdomoni. Dada, naye msichana wa shule tu, ndiye aliyemwogesha, akamchana nywele, akampiga na kumbembeleza kwa mkono uleule. Kisha akasomea ukunga, akawazalisha wanawake wa mtaa mzima, na mtaa mzima ukamwita Sista.

Gari lilikuwa la marehemu shemeji. Lilikuwa la michezo, la milango miwili, pua ndefu, tumbo karibu na lami, nalo lilikuwa kuukuu tangu siku alipolinunua. Shemeji alilipenda kama mtu anavyopenda kosa lake mwenyewe. Alipokufa, gari lilifunikwa turubai, na Sista akawa analizunguka akienda kuanika nguo, bila kuligusa. Hadi binti yake, aliyekuwa akiishi mji mwingine, alipojifungua mapacha na kuanza kumpigia simu akilia kuliko watoto wenyewe.

"Nahamia kwa mwanangu," Sista alimwambia mdogo wake. "Na sitaki kuja kuchukuliwa kama gunia. Nitakwenda kwa miguu yangu, na miguu yangu ndiyo hii." Akalipiga gari kofi bonetini.

Lakini miguu hiyo ilikuwa inaumwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari lilikwenda vizuri na kubadili gia lenyewe, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Likishapata joto lilishtuka mara moja, taa ya njano ikawaka mbele ya dereva, na tangu hapo likang'ang'ania gia ya tatu. Kwenye makutano liliondoka kizembe kama mtu aliyeamshwa usingizini, na kwenye barabara kuu injini ililia. Ukilizima na kuliwasha tena, lilipona. Halafu likarudia. Fundi mmoja wa giaboksi alilisikiliza akiwa amesimama, akatamka kwamba giaboksi imekufa, itolewe yote, iwekwe nyingine. Ndipo Sista akalileta kwa nduguye.

Chiriku alikuwa na desturi ya kutogusa gari kabla ya kuuliza. Linaanza lini, likiwa baridi au moto? Baada ya mvua? Baada ya kuruka tuta? Sista alijibu moja moja.

"Maswali hayo nimeyauliza wodini maisha yangu yote," alisema. "Tofauti ni kwamba wangu walikuwa wananishika koo huku wakijibu."

Kwa majibu yale tu, Chiriku alikwisha kuondoa wasiwasi juu ya vyuma. Chuma kilicholika hakiponi kwa kuzungusha ufunguo. Kinachopona kwa kuzimwa na kuwashwa ni kitu kilichoogopa, na ndani ya gari lile kitu cha kuogopa kilikuwa kimoja, ile kompyuta ndogo inayoamrisha vali za umeme zilizomo kwenye giaboksi zifungue na kufunga njia za oili. Kompyuta ikisikia jambo isilolielewa, inazikatia vali zote umeme na kuliachia gari gia ya tatu peke yake, ili dereva afike nyumbani polepole na asiharibu zaidi. Kwa hiyo alipima betri, akapima vali, akapima waya. Vyote vilimjibu vizuri. Siku ya pili akakiinua kizulia cha upande wa abiria, akaifungua kompyuta, akachomoa plagi yake, akaifuta kwa leso nyeupe.

Leso ikatoka na doa jekundu.

Oili nyekundu ya giaboksi! Giaboksi iko chini, nje, mbali na pale, na hakuna bomba linaloleta oili miguuni pa abiria. Lakini ile plagi inayoingia kwenye giaboksi ilikuwa na mpira wa kuzuia oili, na mpira ule ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama ukucha. Oili ilipenya, ikaingia katikati ya nyuzi nyembamba za waya, ikapanda kwa ndani, chini ya plastiki, taratibu, mwaka hadi mwaka, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Mwisho ikachungulia juu, ikakaa kwenye pini za kompyuta. Gari likipata joto oili inakuwa nyepesi, inatambaa, na amri zinafika zikiwa nusunusu.

Fundi mwingine angepiga kelele za furaha. Chiriku alikunja leso, akaitia mfukoni, akarudisha kifuniko na kizulia.

"Bado natafuta," alisema.

Hakujua maneno yale yalitoka wapi. Alijua tu kwamba gari likipona, dirisha la jikoni la Sista litakuwa giza. Mke wake alikwisha kuondoka miaka mingi nyuma, kwa amani, kama mgeni aliyekosea nyumba, na hawakujaliwa mtoto. Kila jioni akitoka gereji alipitia kwa dada yake. Alikuta sahani imefunikwa, akafokewa kwa sababu ya kucha zake, akala. Wakati mwingine hawakusema lolote mpaka anaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na kwa kweli hakuwahi kuyaona kuwa machache.

Basi akapima tena. Na siku iliyofuata akapima tena, Sista kwenye kiti, mita mapajani.

Fundi bodi wa jirani, aliyeitwa Nyundo, alikuja kuegemea nguzo akila karanga.

"Sista, huyu nduguyo sasa anafuga. Bado kidogo alitafutie gari mchumba."

"Nyundo, mama yako nilimzalisha mimi. Ulitoka umenuna, na mpaka leo hujaacha. Nenda kagonge mabati."

Nyundo alicheka, akaenda. Sauti ya nyundo yake ikaanza upande wa pili wa ukuta.

"Soma, Dada," Chiriku alisema kutoka chini.

Sista aliiweka mita kando.

"Dada? Inasema ngapi?"

"Inasema kama ilivyosema jana. Na juzi. Toka huko chini."

Alijivuta akatoka, vumbi mgongoni, akabaki amekaa sakafuni karibu na mlango wa gari. Sista alivua miwani. Bila miwani macho yake yalionekana madogo, yamechoka, na yalikuwa yakimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani akimshika na sukari mdomoni.

"Nimefanya kazi na madaktari, mimi," alisema. "Daktari akipima ugonjwa uleule mara tatu na jibu likawa lilelile, basi jibu analo. Anaogopa kulisema. Gari limekufa?"

"Hapana."

"Linatibika?"

Chiriku alitazama viganja vyake. Akatia mkono mfukoni, akatoa leso, akaikunjua juu ya goti la dada yake, akamwonyesha doa. Akamweleza habari za mpira uliokauka na oili iliyopanda. Sista alisikiliza mpaka mwisho.

"Umejua lini?"

"Siku ya pili."

"Mficha maradhi..." alianza, kisha akaiacha methali hewani. Alimwona mdogo wake ameinamisha kichwa, upara umeanza utosini, palepale alipokuwa akimpaka mafuta.

"Chiriku. Unaogopa nini?"

"Nani atanifokea ninawe?" Alijaribu kucheka.

Upande wa pili wa ukuta Nyundo aligonga, akanyamaza, akagonga. Sista aliweka mkono juu ya upara ule, akauacha hapo.

"Mimi nami nilikuwa naogopa," alisema baadaye. "Kila ukisema bado, moyo wangu ulikuwa unashusha pumzi. Nikajiambia, basi, Mungu hataki niende. Kumbe mungu mwenyewe yuko uvunguni, ana mafuta masikioni." Alipangusa macho kwa pindo la khanga. "Watoto ni wawili na mwanangu ni mmoja. Tengeneza, baba."

Akatengeneza. Alibadilisha plagi ya giaboksi na mipira yake, akaosha pini moja baada ya nyingine kwa dawa ya kusafishia umeme, akaifungua kompyuta na kuiosha kwa spiriti kwa brashi laini, akaiacha ikauke vizuri. Waya zilizonyonya oili alizikata kipande, akaziunga upya kwa lehemu, maana oili hupita katikati ya nyuzi lakini penye lehemu haina pa kupita. Alifanya kazi ile taratibu, na safari hii hakuwa anachelewesha chochote. Alitaka tu ile safari ndefu isimkatikie dada yake porini.

Walipotoka kulijaribu Sista alishika usukani, yeye akakaa kando, kichwa amekiinamisha akisikiliza. Walizunguka mtaa mpaka injini ikapata joto. Gia ya pili. Ya tatu. Chiriku alishika pumzi pale gari lilipozoea kushtuka. Halikushtuka. Ya nne iliingia kimya kiasi kwamba aliitambua kwa mshale wa mizunguko ya injini tu, ulioshuka.

"Geuza hapa, turudi gereji," alisema.

Sista hakugeuza. Alipita gereji, Nyundo akawapungia, akapita soko na shule, akaingia barabara kuu.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Hujawahi kufika kwa mpwa wako. Kila mwaka unasema mwakani." Alikuwa ameyakaza macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. "Angalia njia. Pale kwenye kituo cha mafuta tunashika kulia. Ukipita moja kwa moja umepotea."

"Leo tunafika?"

"Leo nakuonyesha mpaka darajani. Baada ya hapo ni barabara moja tu, hata kipofu anafika. Angalia, nimesema. Siku utakapokuja sitaki kusikia ulipotea."

Chiriku akaacha kusikiliza giaboksi, akaanza kuangalia njia.