Kilo za Maji

Kule kijijini kwetu Wamaza walisema mwembamba kama mimi hatafika hata Kindu mjini. Nimerudi na diploma ya elimu ya michezo, na bado ni mwembamba.

Juzi, hapa Kasongo, kijana mmoja alinionyesha kwenye simu mabondia wa uzito wa juu. Wa leo wengi wanapita kilo mia moja, wakati mabingwa wengi wa zamani hawakufika hapo. Nilicheka, nikasikia tena harufu ya mpunga mbichi.

Utotoni niliamini bondia hupimwa ubora wake kwa mizani, kama mpunga. Papa Amisi, mnunuzi wa mpunga aliyefundisha ndondi nyuma ya depo, ghala lake, hakupokea mtoto chini ya kilo thelathini. Basi nilifanya kama wakulima wetu wajanja wanavyofanya na magunia yao: nilijilowesha. Niliingia mtoni na koti zito la baba, nikaja kuning'inia kwenye ndoano ya mizani, maji yakitiririka. Mshale ulipita thelathini. Nilijiona jitu.

Papa Amisi alikamua mkono wa koti.

“Mupunga hii iko na maji,” alisema. “Muianike!”

Walicheka sana. Nilikaa juu ya turubai katikati ya mpunga, jua likinichoma mgongo, nikingoja kufukuzwa. Nilipokauka, mizani ilisema ishirini na sita.

“Papa, nirudi nyumbani?”

Alinivalisha glavu, akamwita binti yake Zaina, mwembamba kuliko mimi. Zaina alinipiga mpaka nikakaa chini.

“Umeona kilo?” aliuliza Papa Amisi. “Kesho ukuje mukavu.”