Jinsi Mwongeli Alivyomzika Mumewe Kwenye Kaunta

Mwongeli, mama yake Mutheu, hajawahi kuiba hata kijiko cha mtu. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani namsingizia wizi. Kosa lake lilikuwa lingine, na mimi naliona baya zaidi. Mkiniona nina roho mbaya, sawa, nimeshaambiwa hivyo na watu wanaonijua vizuri kuliko nyinyi.

Alizaliwa Ngoliba, akaja Ruiru akiwa msichana kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa. Mashamba yakauzwa, mikahawa ikang'olewa, zikaota nyumba. Yeye hakulalamika. Alinunua ndoo mbili zenye mifuniko akaanza kuwapikia watu wa mjengo waliokuwa wakizijenga hizo nyumba. Mpaka leo, saa sita mchana, utamkuta Murera katikati ya kokoto akipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe kwa mafundi wanaomwita Mathe na kumwahidi kulipa Jumamosi. Amewalisha waliojenga nusu ya Murera, na yeye mwenyewe amekuwa mpangaji maisha yake yote. Huku Kalimoni tunakokaa amehamishwa mara nyingi kuliko paka mwizi: mara ploti imeuzwa, mara mwenye nyumba anataka kumweka mwanawe, mara kodi imepanda usiku mmoja.

Mumewe ni Munyao, mtunza nyumba wa hosteli moja ya wanafunzi Kahawa Wendani. Hulala hukohuko kazini na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ni mtu mkimya. Humkabidhi mkewe nusu ya mshahara na kudhani hayo ndiyo mazungumzo.

Kikundi chetu kilikuwa na wanawake wanane. Tuliweka akiba benki miaka mingi kwa lengo moja: tununue ploti Murera, tujenge vyumba vinane, kila mwanamke na chumba chake. Sisi wengine tulikuwa na kwetu. Mimi nina nyumba aliyoniachia marehemu, na Janice, mwenyekiti wetu, ana shamba na ng'ombe wa maziwa. Kwetu sisi chumba kilikuwa cha kupangisha. Kwa Mwongeli kilikuwa cha kulala, cha kufia akipenda, bila mtu wa kumwambia ahame. Hata kabla ploti haijapatikana alikuwa ameshatueleza kitanda kitakaa upande gani. Ilichosha kumsikiliza.

Tulimfanya mweka hazina kwa sababu hajui kudanganya. Sisemi hilo kama sifa, kwake huo ni ulemavu. Mke wa pasta alimuuliza siku ya harusi ya binti yake kama pilau imeiva, akamjibu kwamba haijaiva, mbele ya wakwe. Mtu wa namna hiyo, tulisema, ndiye wa kushika pesa za watu.

Tena tuna desturi yetu. Hatununui kitu kabla pesa zenyewe hazijawekwa mezani juu ya leso, taslimu, kila mmoja akaziwekea mkono na Janice akaziombea. Tulifanya hivyo kwa viti, kwa tanki la maji, kwa hema la kukodisha. Janice husema pesa isiyoshikwa haina baraka, ni namba tu kwenye simu. Basi tulipopata ploti ya milioni moja na laki sita, mwenye ploti akatuomba tumtumie benki kwa benki, Janice alikataa katakata. Zitoke, ziombewe, ndipo apewe mkononi. Mwenye ploti akatupa muda mpaka mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo Simeon aliingia. Simeon ana duka la kutuma pesa kwa simu pale stendi, na kwa kuwa aliwahi kufanya kazi benki, tulimwona mjuzi. Alikuwa askari wa mlangoni, lakini alikuwa akisikia. Alituambia kwamba ukitoa taslimu inayopita milioni moja, benki inakuandikia ripoti, jina lako linapelekwa Nairobi kwa wale wanaosaka pesa chafu, halafu wa ushuru wanakuja kukuuliza ulizipata wapi. Hakuna aliyekuwa na pesa chafu kati yetu. Lakini Janice hakuwa amemwambia mumewe kuhusu akiba ile, mimi nilikuwa na kibanda kisicho na leseni, na kila mmoja alikuwa na kitu chake ambacho hakutaka kiulizwe. Tukakubaliana zitolewe kwa vipande, laki nne nne, kila kipande kwa tawi lake. Janice na mimi, katibu, tukatia sahihi karatasi nne za kutolea pesa kabla hazijajazwa. Wazo lilikuwa la wote. Aliyekwenda kaunta alikuwa mmoja.

Jumatatu akaenda Thika. Msichana wa kaunta akamuuliza, kama wanavyouliza, pesa ni za nini. Mwongeli aliona akitaja ploti ataulizwa bei, na akitaja bei yote yatafichuka. Akasema ni za mahari. Mtoto wake ni mmoja tu, na ni msichana, kwa hiyo hata sijui alikuwa akimlipia nani. Yule msichana akaandika mahari na kumpongeza. Mwongeli alirudi Kalimoni anatoka jasho na kutabasamu. Hakuwa amewahi kusema uongo ukapita, na ulimpanda kichwani kama pombe ya muratina.

Jumatano akaenda Ruiru, swali likawa lilelile. Mahari alishaitumia. Akatafuta jambo ambalo kwetu huku hakuna anayelihoji, akalipata: matanga. Akaulizwa amefiwa na nani. Akasema mume. Akaulizwa jina, na kwa kuwa hana ufundi wa kubuni, akataja jina la mume aliye naye. Aliposikia ametamka “Munyao”, akaogopa, machozi yakamtoka ya kweli. Wakampa kitambaa cha karatasi na kumhudumia haraka.

Kesho yake, dada mmoja wa benki akaangalia karatasi zile. Akaunti moja, kikundi kimoja, Jumatatu mahari, Jumatano mazishi, na kiasi kilekile. Akatafuta namba ya ndugu wa karibu ambayo Mwongeli aliiandikisha zamani, akapiga. Munyao alikuwa kwenye bafu la wanafunzi akizibua sinki.

“Pole sana kwa msiba wa mzee Munyao,” yule dada akasema. “Naulizia tu, mazishi ni lini?”

“Munyao ni mimi,” akajibu. “Nani amekwambia nimekufa?”

“Bibi yako.”

Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikakumbuka kwamba pesa zangu zilikuwa humo, kicheko kikakatika.

Alipofika tawi la Juja siku ya Ijumaa akakuta akaunti imezuiwa. Wiki iliyofuata tuliitwa Thika, sisi watatu, tukapelekwa ofisi ya ndani kwa afisa anayeitwa Dalmas. Nilitegemea mtu mkali. Alikuwa kijana mpole na kikombe chake cha chai, na upole wake ndio uliotumaliza. Alituambia kwamba sheria ya pesa chafu ilirekebishwa. Kiwango cha kuripoti pesa taslimu zamani kilikuwa dola elfu kumi, na siku shilingi ilipokuwa na nguvu hiyo ndiyo milioni moja aliyoisikia Simeon mlangoni. Sasa kimepandishwa hadi dola elfu kumi na tano, karibu milioni mbili. Pesa zetu zote, tungezitoa kwa mkupuo mmoja, hazingefika hapo. Lakini kugawa pesa ili ripoti ikupite ni jambo ambalo sheria inazitaka benki ziliripoti lenyewe, hata pesa ziwe kidogo namna gani.

“Mngekuja siku moja na agreement ya ploti,” akasema, “ningewauliza maswali mawili, mngeenda nyumbani na pesa zenu.”

Kisha akamgeukia Mwongeli na kumuuliza, bila ukali wowote, kwa nini hakusema ukweli. Mwongeli akasema aliogopa ukweli ulikuwa mkubwa kupita kiwango. Dalmas akaliandika hilo. Nilitamani ardhi impasukie, si mimi, yeye.

Tuliandikiwa barua na chifu, tukaandikiwa na pasta. Tulipeleka katiba ya kikundi na picha za tanki. Munyao alilazimika kuomba ruhusa kazini aende Ruiru na kitambulisho, athibitishe kwa maandishi kwamba yu hai, kwenye kaunta ileile alipoliliwa. Watu wa benki walijizuia kucheka, wengine wakashindwa. Aliweka sahihi, akatoka nje, akampita mkewe mlangoni bila kumtazama.

Mwenye ploti alingoja mpaka mwisho wa mwezi na siku chache za huruma. Akaja mtu wa Nairobi, akalipa kwa benki mchana mmoja. Leo pale kuna ghorofa.

Baadaye akaunti ilifunguliwa, na zile laki nane Mwongeli alizokuwa amezitoa akazirudisha zikiwa kamili, hata noti hazikuwa zimekunjwa. Haikupotea shilingi. Ungedhani tungeshangilia. Badala yake tuliitana nyumbani kwa Janice, Mwongeli akawekwa kwenye kiti cha peke yake, na tukamtazama.

“Mama Mutheu, hatukutoi kwa wizi,” Janice akamwambia. “Mwizi tungemsamehe. Wewe umefanya tuonekane wezi, na hatujaiba.”

Angeweza kutujibu. Angeweza kusema kwamba vipande vilikuwa mpango wa wote, kwamba sahihi za Janice na zangu zilikuwa kwenye kila karatasi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu langu: uongo wa mahari na wa matanga hatukumtuma. Jibu zuri, na sikulitumia, kwa sababu hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza jambo moja tu.

“Na chumba?”

“Chumba ni cha members,” Janice akasema.

Tukapiga kura kwa mikono. Wangu ulipanda mapema, na sijutii. Kikundi kinataka mtu wa kubeba lawama, na kwa maisha yake yote Mwongeli alikuwa akibeba. Tulimrudishia laki mbili zake. Alipotoka, mmoja wetu akasema maskini, halafu tukanywa chai.

Munyao haji tena mwisho wa mwezi. Anatuma pesa kwa simu. Alimwambia Mutheu hawezi kulala katika nyumba ambamo ameshatolewa akiwa maiti. Mutheu alijaribu kumweleza kwamba ni maneno tu ya kaunta, mzee akamuuliza kama angependa yasemwe juu yake. Kwao Wakamba, na kwetu pia, mke akikutamka marehemu mbele ya wageni halafu akalia, hilo huliondoi kwa kuomba radhi. Mwongeli amemwomba mara nyingi. Amekwenda mpaka Wendani na chakula, kikaliwa na wanafunzi.

Zile laki mbili ziliisha jinsi zinavyoisha kwa watu kama yeye. Karo ya chuo ya Mutheu ikala sehemu, goti lake mwenyewe likala nyingine, na mafundi wa mjengo uliokwama walihama na deni lao. Sisi tuliongeza kidogo kidogo tukanunua ploti nyingine, ndani zaidi, karibu na mto. Pesa tulizitoa kwa siku moja, tukaulizwa maswali mawili, tukaenda kuziombea. Tukajenga vyumba saba vya mawe, bati la bluu, umeme wa tokeni. Ni kazi nzuri, mtu yeyote atawaambia.

Tulipotangaza kwamba kuna vyumba vya kupangisha, wa kwanza kupiga simu alikuwa Mwongeli. Mwenye nyumba wake alikuwa amempa notisi tena. Janice alituuliza tuseme nini, nami nikasema pesa yake ni pesa kama ya mwingine, alipe ya mwezi mmoja na dipoziti. Alilipa. Akapewa kimojawapo cha vyumba, na kilikuwa changu kwa kura. Ndivyo nilivyokuwa na mpangaji.

Ni mpangaji mzuri, hilo siwezi kumnyima. Anafagia mpaka mbele ya milango ya wengine. Mwezi uliopita alipungukiwa, kama kawaida mafundi walikuwa wamemwambia Jumamosi. Akaniomba nichukue nusu, nusu nyingine wiki ijayo. Ningeweza. Nilikuwa na haraka gani? Lakini nilisimama mlangoni pake na kumwambia kodi ni moja na hulipwa mara moja, nikasema kwa sauti, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akageuka. Mwongeli alitikisa kichwa kukubali. Akavaa viatu, akatoka, sijui alikwenda kwa nani. Alirudi na pesa zote, akanipa kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mkubwa wake.

“Shika, landlady,” akasema.

Miaka yote ya kikundi, kwenye matanga, kwenye harusi, tukibeba sufuria moja sisi wawili, aliniita Mama Lynn. Sasa mimi ni mwenye nyumba wake, haniiti hivyo tena. Hasemi kwa hasira wala kwa kejeli, kejeli haijui. Anasema kwa sababu ndiyo kweli. Nilimwandikia risiti nikaondoka, na njia nzima nilitamani aniite jina langu. Hilo linaniuma. Haliniumi vya kutosha kumrudishia chumba.