Maana ya Kuvutwa Mguu

Asubuhi za Jumatatu darasa letu la kidato cha kwanza lilinukia magome ya mpera. Mwalimu Mgaya, aliyetufundisha Kiingereza, alikata fimbo zake mwishoni mwa juma na kuziloweka kwenye ndoo ili zisivunjike upesi, na sisi tulioketi mbele tuliisikia harufu ile mbichi kabla yeye mwenyewe hajaingia. Mwaka ule, pale Mamboya, mvua zilichelewa, vumbi likajaa madirishani, na somo lilikuwa nahau za viungo vya mwili. Aliandika sentensi ya Kiingereza ubaoni, akamnyooshea mmoja wetu fimbo, akataka maana. Mwingereza, tuliambiwa, akipata baridi ya miguu ameingiwa na woga. Kitu kikimgharimu mkono na mguu, ni ghali mno. Aliyetafsiri neno kwa neno alichapwa viganjani, mgongoni, hata kwenye nyayo, akarudi kwao akichechemea. Ajabu ni kwamba mwizi tulimwita mtu mwenye mkono mrefu tangu tungali wadogo, na hakuna aliyewahi kututoa damu ili tuelewe.

Niliketi dawati moja na Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wamehamia bondeni. Alikuwa mrefu, mpole, hodari wa hesabu. Siku hiyo fimbo ilimwelekea yeye: Mwingereza ana maana gani anaposema fulani anakuvuta mguu? Kabula alisimama, akafikiri, akajibu bila mzaha wowote, "Anataka kukuangusha ili akuchinje, mwalimu." Kwao ng'ombe wa kuchinjwa huvutwa mguu kwanza, alisema alichokiona. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Mgaya alidhani anadhihakiwa. Aliitupa fimbo, akamzaba kofi la sikio, kisha la pili, kisha akamkamata kichwa na kukigonga ukutani. Kicheko chetu kilikatika. Nilimwinua Kabula kutoka sakafuni, damu ikimtoka sikioni na kulowesha ukosi wa shati langu, naye akawa ananiuliza kwa nini sisemi kitu, ilhali nilikuwa nikimwita jina lake kwa sauti.

Kesho yake baba yake, Mzee Masanja, aliingia uwanjani tukiwa mstarini, rungu mkononi, akimwongoza binti yake aliyefungwa kitambaa kichwani. "Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Mgaya. Mzee hakuitikia. Kwetu salamu ile haiachwi hewani, hata na adui.

"Mwanangu alikosa nini?"

"Hakujua maana ya kumvuta mtu mguu, mzee."

"Maana yake nini?"

"Kumtania."

"Kwa hiyo damu ile ilikuwa ya utani?"

Rungu lilishuka kabla hajajibu. Nilisikia mfupa wa bega ukivunjika, mlio mkavu. Mwalimu alipiga magoti, na pigo la pili likampasua kichwa. Wavulana walikimbia, walimu wakasimama kama waliogandishwa. Aliyemzuia mzee ni Kabula. Alijitupa juu ya mwalimu aliyempiga, akamfunika kwa mwili wake, akilia, "Baba, basi! Utafungwa!" Rungu likabaki juu.

Mzee alichukuliwa na polisi. Mwalimu Mgaya alipopona alihamishwa, mkono wake mmoja usiweze tena kufika ubaoni. Kabula hakurudi darasani. Alipelekwa Ruhembe kwa shangazi yake, akapalilia miwa. Sikio lile halijasikia tena. Hesabu tulizokuwa tukizifanya pamoja nilizimaliza peke yangu.

Leo nafundisha Kiingereza Mikumi. Wanafunzi wangu huzikuta nahau zile kwenye simu, huziigiza, huchekana, na hakuna anayetetemeka. Lakini juzi alikuja mama mmoja na binti yake aliyefeli. "Mchape tu, mwalimu, nimekuruhusu," alisema. Nikamwambia sichapi.

"Sasa bila viboko atakijuaje Kiingereza?"

"Kiswahili alikijuaje, mama?"

Alimtazama binti yake. "Alikuwa anaongea ovyo tu," akasema, "mpaka akajua."

"Basi tumwache aongee ovyo."