Alama za Hadithi

Watu walimwita Bwana Alama, naye hakuchukia. Alikodisha diski za filamu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuna diski iliyotoka pale bila karatasi ndogo mgongoni mwa kasha: picha, sauti, hadithi, kila moja na alama yake kati ya tano. Wenzake wa biashara hiyo husifu kila kitu, si wanatafuta riziki? Yeye hapana. Aliigeuza diski kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo, kisha akaitazama tangu mwanzo hadi majina ya mwisho yapite, maana nakala zina tabia ya kukwama pale pale penye utamu. Watu walimwamini kuliko mizani ya sokoni, na mizani ya sokoni tunaijua wenyewe.

Picha na sauti alipima yeye. Hadithi alipima mkewe, kwa sababu Bwana Alama, tusifichane, angeipa tano hata filamu ya mtu anayekimbia tu. Mama alitaja alama na maneno mawili matatu, mumewe akayaandika kama yalivyo.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamla mama macho yote mawili. Filamu zenyewe nyingi zilikuwa za lugha ngeni, kwa hiyo Bwana Alama akawa anamsomea maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha na kumweleza nani kaingia, nani kanuna. Mama alisema si neno, macho anayo, yamehamia tu kwa mumewe. Imani hiyo ndiyo iliyomwamsha mama kitandani kila siku.

Sasa sikia kosa la mtu huyu mkweli. Siku moja mama alikuwa hajala tangu asubuhi, na katika filamu mwanamke mmoja akafa stesheni akimsubiri mwanawe. Ulimi ukagoma. Bwana Alama akamsomea kwamba treni imefika na mtoto ameshuka. Mama akatabasamu, akaomba chakula, akatoa tano. Basi, njia ikawa imefunguka. Baada ya hapo wafungwa walitoka, wagonjwa walipona, waliozama waliibuka wakitema maji. Na tano zile za miisho ya uongo akazibandika kwenye makasha kwa mwandiko wake ule ule ulioaminiwa.

Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuwa amemzika binti yake miezi mitatu nyuma. Alichagua diski moja kwa sababu ya maneno ya mama: "Mtoto anapona. Inapoza moyo." Kesho yake aliirudisha. Hakugombana. Alisema tu kwamba mtoto yule hakupona, alizikwa, na wamelionyesha kaburi. Akauliza kama siku hizi wanapima filamu bila kuzitazama. Bwana Alama akaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Fundi akaondoka bila kuchukua nyingine.

Ukuta wa chumba kile cha mbele ulikuwa mbao tupu, kila neno lilipenya hadi ndani. Bwana Alama alipoingia ndani alimkuta mkewe ameketi wima, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Yule mtoto alikufa?"

"Alikufa, mama."

Akauliza na yule wa stesheni je, na wale waliozama. Mume akajibu mmoja mmoja, wote wamekufa. Akauliza ni filamu ngapi. Hakujua idadi. Akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu.

"Ile karatasi ya hospitali uliyonisomea wiki iliyopita," mama akasema polepole, "nayo uliimalizia mwenyewe?"

Hapo ndipo penyewe. Alikuwa amemwambia figo zitatengemaa kwa dawa mpya. Ulimi ulikuwa umeshazoea, na jibu la kuponya lilikuwa mdomoni tayari. Lakini aliona wazi kwamba akilitoa, mkewe atabaki gizani peke yake, hana hata mtu wa kumuuliza saa ngapi. Akaenda kabatini, akaichukua karatasi.

Akaisoma tangu juu, na tarehe yake, na namba ya faili. Figo zote mbili zimechoka. Dawa zitapunguza maumivu tu. Muda unaokadiriwa ni miezi, familia ijiandae. Mama akaomba arudie mstari ule wa miezi. Akarudia, neno kwa neno.

"Kuna kingine?"

"Hakuna. Sahihi ya daktari tu."

Mama aliyapima maneno yale kama mtu aliyeuziwa na mfanyabiashara asiyemjua. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaufikia uso wa mumewe, akaukuta umelowa hadi kidevuni. Ndipo akamwamini, naye akaanza kulia.