Kofia ya Paa la Mama

Baba alifariki mvua zikianza, na wiki ileile upepo wa baharini ukang'oa kofia ya bati kwenye nyumba yetu ya Mikindani. Kofia ni ule ukanda wa juu kabisa, unaofunika mahali bati za pande mbili zinapokutana. Ikiondoka hiyo, maji yanaingia katikati ya nyumba bila hodi.

Nilikwenda kumwita fundi. Alipofika na ngazi begani, baba mkubwa, kaka yake marehemu, akasimama mlangoni. Mama alikuwa kwenye eda, na kwa miezi yote ile ya mjane kukaa ndani, baba mkubwa hakutaka mwanamume wa kando apande juu ya paa la mama.

"Bati zikifunuliwa, si atamwona?" alisema.

Nikamwambia kwamba mama atakaa chumba cha uani, mlango umefungwa. Akanitazama utadhani nimemtukana marehemu. Fundi akarudi na ngazi yake.

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nisahau. Mvua ilinyesha mpaka tukachoka kuisikia. Mama alihamishia kitanda leo kona hii, kesho kona ile, akakinga mabeseni, masufuria ya msibani, hata ndoo ya kutawadhia. Nilipanda mwenyewe na turubai. Majirani wakanicheka, upepo ukalichukua. Boriti zikalowa, chokaa ikabanduka, ukuta wa kati ukavimba.

Eda ilipoisha, wa kwanza kufika alikuwa baba mkubwa. Alibonyeza boriti, kidole kikazama. Akasema nyumba imeshakuwa ya hatari, shemeji yake hawezi kulala humo, aende kwa bintiye. Ndivyo mama alivyohamia kwangu Ufukoni. Baba mkubwa akabomoa, akajenga fremu za maduka.

Mwaka huu binti yake mwenyewe kafiwa na mume. Naye bati zake ziling'oka akiwa kwenye eda. Nilipokwenda kuhani nilimkuta fundi juu anagonga misumari, na chini aliyeshikilia ngazi ni baba mkubwa, anamwelekeza pa kupigilia. Alinisalimia vizuri tu.

Nilimsimulia mama jioni. Alikuwa anachagua mchele. Hakumlaani mtu, ila mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema.