Gunia la Korosho na Mshale Mfupi wa Somoe

Sisi tuliosoma Fizikia Mtwara kabla vikokotoo havijatufikia tulichora mishale kwa penseli na rula hadi vidole vikaota sugu. Uzito, mshale kwenda chini. Msuguano, mshale wa kuzuia kitu kisiteleze. Ukikosea urefu, Mwalimu Kaijage alikuchapa fimbo moja kwa kila mshale. Alitoka Bukoba, alivaa tai na soksi za magotini hata katika joto la Desemba, na alikiamini kitabu kuliko macho yake.

Nilikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani, na nilijua hivyo kupita kiasi. Siku hiyo alichora gunia la korosho limetulia juu ya ubao ulioinama, akatuambia tuonyeshe kani zote. Nikamaliza mapema, nikakunja mikono ili wenzangu waone. Somoe, binti wa mkulima wa mihogo wa Madimba, alichora mshale wa msuguano mfupi kama njiti ya kiberiti.

"Huu umeukata kwa nini?" Mwalimu akamuuliza.

"Mvua imenyesha, Mwalimu. Ubao wetu wa kupakilia umelowa, gunia litateremka."

"Mvua umeiona ukurasa gani?"

Darasa likaangua kicheko, na changu kilisikika hadi jikoni kwa wapishi. Somoe akapewa sifuri ya wino mwekundu.

Mchana tukaenda kupakia korosho za shamba la shule kwenye tela la trekta. Somoe akaupitishia kidole ubao ulioegemezwa kwenye tela, akasema taratibu, "Jamani, msisimame huku chini." Wenzangu wakasogea. Mimi nikabaki, mikono kiunoni, kwa kuwa nilikuwa na kumi kwa kumi. Gunia la kwanza likafika katikati, likasita, likarudi. Nilipopata fahamu nilikuwa matopeni, mkono umevunjika, na Mwalimu amepiga magoti pembeni yangu, tai yake inaburutika kwenye tope.

Kipindi kilichofuata Mwalimu aliomba daftari la Somoe, akaikata ile sifuri, akaandika kumi. Hakuomba radhi. Alichukua chaki, akaanza somo upya: "Tuseme mvua imenyesha."

Likizo ya mwaka ule Somoe akaolewa. Baba yake alisema msichana ameshasoma vya kutosha. Mimi, niliyeshindwa kuona maji mbele ya pua yangu, serikali ikanisomesha uhandisi.

Sasa nimestaafu, naishi Shangani, hapa hapa Mtwara. Wajukuu zangu hupiga swali picha, simu ikawachorea mishale ya rangi iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kuchora. Ukiwauliza msuguano ni nini, wanakwambia, "Babu, subiri mtandao urudi." Nawacheka, maana kucheka wenzangu nilianza zamani. Lakini mmoja wao ni wa kike, yuko kidato cha sita, anasoma Fizikia, na hakuna aliyewahi kumwambia imetosha. Enzi zetu zilikuwa tamu, sikatai, kwetu sisi tulioachwa tuendelee kukaa darasani.