Ndama Tuliyempeleka Wenyewe Bomani

Mdogo wangu alipofariki aliacha mtoto mchanga na ng'ombe mmoja mwenye ndama. Mtoto nikamchukua mimi, maana sikujaliwa wangu, na maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyomlea. Wanawake wenzangu waliogopa kumnyonyesha, wakisema mtoto aliyemzika mama yake ana mkosi. Na mazizi ya majirani yalikuwa matupu, sotoka, ile tauni ya ng'ombe, imeshapita. Basi mtu asije akaniambia tuligombania mali.

Jirani yetu wa upande wa bondeni akadai ng'ombe ni uzao wa zizi lake. Wazee wakashindwa kutupatanisha, na kwa kuwa Mjerumani alikuwa ameshakaa, tukapelekana bomani. Pale alikuwapo karani, mtu wa pwani, ndiye aliyepanga nani asikilizwe lini. Akaamuru ng'ombe afungwe bomani mpaka shauri lisikilizwe. Ndama akabaki kwetu.

"Kesho kutwa yatakwisha," akasema.

Na yangekwisha kweli. Ng'ombe yule bila ndama wake alikuwa hakamuliki. Alilia usiku kucha, kiwele kimevimba, askari hawalali, na karani mwenyewe alikuwa ameshamchoka. Lakini sisi Wanyakyusa ng'ombe tunalala nao nyumba moja, kilio chao kinatuingia. Mama akasema, "Huyo kiwele kitamwozea. Mpelekeeni mwanawe, na ninyi mtakamua kidogo cha mtoto." Tukampeleka. Hata karani akatuambia ndaga, asante ya kwetu, akicheka.

Nikachukua kibuyu kidogo cha mtoto nikaenda kukamua. Askari akanizuia. Karani akatoka akasema, "Mama, mali iliyo shaurini haiguswi." Nyuma yake, kwenye mafiga, maziwa yalikuwa yanachemka. Yakifurika. Naisikia harufu yake mpaka leo.

Tangu hapo shauri letu likalala. Leo bwana mkubwa yuko safarini, kesho karatasi haijafika, kesho kutwa karani ana homa, na homa yenyewe anaiugulia kwa chai ya maziwa. Mkewe akaanza kupika samli. Kila tulipofika alitujibu kwa upole, huo ndio ulioniudhi zaidi: "Haraka haraka haina baraka." Baraka ya nani, wewe mtu? Mtoto nilikuwa namlisha uji wa ndizi, anautema, tumbo linamwenda.

Jirani alipokuja kumwona mtoto alivyobaki macho tu, aliona haya. Akasema, "Shemeji, simtaki tena huyo ng'ombe. Twendeni nikaseme." Tukaenda pamoja, mdai na mdaiwa, nami mtoto mgongoni. Nikadhani yamekwisha.

Karani akatusikiliza, akatikisa kichwa. "Shauri likishaingia serikalini si lenu tena. Hamwezi kulitoa kama mnatoa kuku bandani."

Baba hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alingoja mpaka bwana mkubwa, Mjerumani, akapita bomani, akamwendea uwanjani na kumshtaki karani mbele yake: anachelewesha kusudi, anakunywa maziwa ya yatima. Aliyasema yote, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Lakini Mjerumani alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui, na mkalimani wake alikuwa nani? Karani yule yule. Kesi ya nyani umempelekea ngedere. Karani akasema maneno marefu kwa Kijerumani, taratibu, akitabasamu. Bwana mkubwa akamtazama baba, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

"Amesema mvumilie," karani akatuambia. "Na akiwakuta tena hapa, mzee, ni viboko hamsa ishirini."

Alichosema kwa Kijerumani hatukukijua, na hatutakijua. Baba aliinama akaokota fimbo yake.

Mtoto alikufa mvua za mpunga zilipoanza, mapajani pangu, bila hata kulia. Nililia mimi.

Mvua zikaisha. Ndama akawa mkubwa, ng'ombe akakauka maziwa. Ndipo askari akaja kutuita, haraka, kana kwamba sisi ndio wachelewaji. Shauri lilisikilizwa mlangoni, wote tumesimama. Karani akamwuliza jirani, "Unamdai?" Jirani akasema, "Simdai." "Basi mchukueni."

Nikamwuliza, "Kumbe lilikuwa hili tu?"

"Mama," akanijibu, bado na upole wake, "kila jambo na wakati wake."

Ningemshtaki kwa nani? Nikashika kamba.

Tulipofika nyumbani, ng'ombe aliingia ndani moja kwa moja, akasimama mahali pake pa zamani, kando ya kitanda changu, akageuza kichwa akaningoja nilete kibuyu. Kibuyu nilikuwa nimeshakizika pamoja na mwenyewe.